Mgeni wa Nywele Ndefu Chumbani Mwetu

Mwanamke niliyemwonea wivu kuliko wote maishani mwangu alikuwa wa kuchorwa. Nasema mapema ili mtu asije akasumbuka kumtafuta mtaani: hakuwa na miguu, maana picha ilimkatia magotini, na umri wake ulikuwa wa karne kadhaa. Hayo yote hayakunisaidia kitu. Alikaa chumbani kwetu La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, juma moja la Kwaresima ya mwaka 2019, na katika juma hilo mume wangu alimpa yeye kitu ambacho mimi nilikuwa nimekiomba kwa miaka.

Sisi Wakongo tunaosali kwa Kiswahili kule kusini mwa Johannesburg tulikuwa na shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya kusali nyumba kwa nyumba kama tulivyozoea Bukavu. Kila Kwaresima shirika lilikuwa na picha takatifu ya kutembezwa. Picha inakaa kwa familia moja juma zima, Jumapili hadi Jumapili, kisha inabebwa kwa nyimbo hadi kwa familia nyingine. Miaka ya nyuma tulitembeza Moyo Mtakatifu wa karatasi, uliopauka kwa jua hadi Bwana Yesu akabaki na ndevu za kijani. Mwaka ule padre alitupa picha nyingine. Mjane mmoja wa Kireno, wa wale waliokaa mtaa wetu kabla sisi hatujafika, alikuwa ameuza nyumba na kurudi kwao kwa mwanawe, akaacha parokiani picha kubwa ya rangi za mafuta, yenye fremu nzito ambayo zamani ilikuwa ya dhahabu.

Ilikuwa picha ya Maria Magdalena akitubu. Padre alitueleza kwamba ni nakala ya mtindo wa kale wa Ulaya, zama zile wachoraji walipopenda kujaza giza kitambaa kizima na kuacha mwanga wa mshumaa mmoja tu. Na kweli, giza halikupungua. Katikati yake ameketi mwanamke, uso umeelekea pembeni kwenye mshumaa, chozi moja limesimama shavuni, mkono umelala juu ya fuvu la mtu kama mama anavyomwekea mtoto mkono kichwani. Bega moja liko wazi. Na nywele! Zilianza utosini, zikapita bega, zikapita kifua, zikaenda kupotelea gizani huko chini. Nywele za mtu asiyejua bei ya mafuta ya kichwa.

Akina mama tuliizunguka tukaikagua. Kisha mwenyekiti wetu, ambaye sote tulimwita mama président, akasema kwa adabu zake zote:

"Padiri, aksanti sana. Lakini huyu mama ataingia namna gani mu nyumba za watu, na bega iko inje?"

Padre alicheka, akasema bega lile limeshaingia makanisa mengi na halijamdhuru mtu. Mama président hakucheka. Aligeuka akanitazama mimi, na wengine wote wakageuka naye, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa fundi wa nguo. Basi nikamshonea nguo. Ilikuwa kama pazia fupi la kitenge, lenye lastiki juu, la kuvalishwa kwenye fremu ili lifunike kuanzia shingo kushuka. Fuvu lilibaki likichungulia chini ya pazia, kwa hiyo mbele yake tukapachika maua ya plastiki, maana kuna familia zilisema wazi kwamba haziwezi kulala na kichwa cha maiti. Kitenge chenyewe kilikuwa kipande kizuri nilichokuwa nimejiwekea blauzi ya Pasaka. Mnaona jinsi nilivyoanza naye kwa wema.

Sasa nimweleze mume wangu. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghorofa la wanafunzi kule Doornfontein. Alitoka jioni, akarudi asubuhi, akanywa chai, akalala huku dirisha limezibwa kwa blanketi. Hakunywa pombe, hakunipiga, hakutazama binti za watu. Wenzangu wa shirika walinionea gere. Walisema, mwenzetu umepata mtu mtulivu. Wao waliona utulivu kwa sababu walikuwa wanaenda zao makwao. Mimi nilikuwa naishi na huo utulivu, na ilikuwa sawa na kuishi na mtu aliyefunga mlango akameza ufunguo. Ukimuuliza habari za kazi, "salama". Ukimuuliza chakula, "kizuri". Waswahili wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nausubiri huo mshindo tangu tuko nyumbani.

Tulikuwa na mtoto. Mtoto wa kike, wa kwanza, na hadi wakati ule wa pekee. Alikufa kwa homa kule kwetu, kabla hatujahama. Siku hiyo mimi nilikuwa nimeshuka mjini sokoni, na mume wangu ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka kituo cha afya. Niliporudi jioni, na kapu langu la ndizi mbivu kichwani, nilikuta watu wamekaa uani. Nikamuuliza mume wangu ilikuwaje. Akasema, "Alienda." Neno moja. Nilimuuliza tena baada ya matanga. Nilimuuliza tukiwa safarini kuja huku, mahali ambapo hakuna mtu aliyetujua. Nilimuuliza humu La Rochelle, chai mbele yake, nimekaa nimemwelekea uso kwa uso ili asipate pa kukimbilia. Alikuwa anainamisha kichwa. Nikimkazia macho, anainuka anakwenda kuosha viatu.

Sikutaka kumlaumu. Nilitaka kujua mtoto wangu alisema nini. Kama alilia, kama aliniuliza, kama alijua. Mwenzangu alikuwepo, mimi sikuwepo, na yeye alikuwa amekalia saa zile za mwisho peke yake kama mtu aliyekalia mkeka ambao ni wa wawili. Huo ndio wivu wangu wa kwanza, kama unataka kujua. Wa picha ulikuja juu yake.

Na kuna jambo jingine. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kule Bukavu niliendelea kuitwa hivyo hata baada ya msiba, na nilipenda, kwa sababu kila aliyenisalimia alimtaja mwanangu. Huku hakuna aliyelijua jina hilo. Watu wakaniita Mama Cherehani, kwa jina la mashine. Hata mume wangu aliniita "mama" tu, akaishia hapo, nusu ya jina. Nywele nilizonyoa matangani sikuziacha zikue tena. Nilifunga kitambaa, nikashona.

Picha ililetwa kwetu Jumapili jioni. Tulisali, tukaimba, akina mama wakanywa soda, na mume wangu akapigilia msumari mkubwa ukutani mkabala na kitanda, juu ya kiti changu cha kunywea chai. Akaipachika, akainyoosha fremu, akaenda kazini. Nililala nikiwa na mgeni, bila hili wala lile.

Kesho yake alirudi kama kawaida. Nikampa chai, nikatoka barazani ambako cherehani yangu ilikuwa inakaa, chini ya dirisha letu hasa, ili yeye apate kulala. Nilikuwa nashona sare za shule. Nikasimamisha mguu kubadili uzi, nikasikia sauti. Sauti ya mume wangu, ya chini, inayoendelea. Siyo "salama", siyo "kizuri". Maneno yanafuatana, yanapumzika, yanaendelea tena, kama ya mtu anayehadithia.

Nikajua: simu. Nikajua: mwanamke. Damu ilinipanda hadi masikioni. Kumbe maneno anayo, ila kuna anayemwekea! Nilikuwa nimeshainuka nikamnyang'anye hiyo simu mkononi, pale jirani yangu alipotokea mlangoni mwa jiko. Alikuwa mama wa Kitanga, Mwislamu, muuza viungo na mishumaa ya ubani, tuliyekuwa tunachangia naye jiko na maneno yote ya mtaa.

"Shoga, simu ya mumeo imejaa chaji huku. Ichomoe basi, nami nichomeke yangu."

Nilisimama palepale. Simu iko jikoni. Sasa anaongea na nani?

Nilikwenda kuchungulia penye tundu la kitasa, na sioni haya kusema, mlango ulikuwa wangu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, sare ya kazi bado mwilini, viatu amevua. Alikuwa ameivua picha lile vazi langu la kitenge. Na alikuwa amelikunja, pindo kwa pindo, akaliweka gotini. Mtu ambaye soksi zake huwa naziokota chini ya kitanda kwa mpini wa ufagio! Alikuwa analitazama lile vazi na kulipapasa, na kuongea. Yule mwanamke wa ukutani, bega wazi, nywele zote nje, ameelekeza uso kwenye mshumaa wake, anamsikiliza.

"Makubwa," alisema jirani yangu nilipomweleza. Alitupa kitunguu kwenye sufuria. "Wenyewe husema kikulacho ki nguoni mwako. Chako, mwenzangu, kimetundikwa ukutani, na msumari kapigilia mwenyewe."

"Usinicheke."

"Sikucheki. Ila nimeolewa mara mbili, na hao wanawake wenza niliogombana nao angalau walikuwa na mikono ya kunirudishia."

Siku ya pili niliigeuza picha ikatazama ukuta kabla hajarudi. Niliporudi ndani mchana niliikuta imegeuzwa, vazi limekunjwa. Siku ya tatu nilimwambia yule mgeni kwa sauti kabisa kwamba kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini huyu jembe angelishika vipi, na mkono mmoja uko kwenye fuvu? Alfajiri ya siku hiyohiyo nikaazima wigi kwa mwenzangu wa shirika msusi, wigi refu la mawimbi, nikalivaa, nikapaka mafuta usoni, nikakaa kwenye kile kiti chini ya picha, nimemwelekea mume wangu, nimetabasamu. Nikasema moyoni, kama ni nywele, basi leo nywele zipo.

Aliingia, akanitazama, akatazama juu ya kichwa changu, akanitazama tena.

"Muko na feti wapi?" akauliza.

"Hakuna sherehe. Nimependeza?"

"Umependeza," akasema, akainamia chai. Nilimngojea. Nilimkodolea macho kikombe kizima. Alipomaliza alisema asante, akakaa akiangalia mlango, na mimi nikaelewa kwamba anangoja nitoke ili abaki na mke mwenzangu wa ukutani. Nililivua lile wigi barazani, nikalirusha kwenye kapu la vitambaa. Nilikuwa na hasira ya kumpasua mtu, na mtu wa kupasua hayupo.

Siku ya nne nilisikia maneno. Sikuwa nimekusudia, au niseme nilikuwa nimekusudia tangu Jumatatu ila cherehani za watu wengine na redio za jirani zilinizuia. Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu, mtaa mzima uko kimya, redio zote zimekufa. Nikaacha kukanyaga mashine. Dirisha lilikuwa na ufa, na sauti yake ikanijia wazi.

"...akasema, 'Papa, unishushe kidogo.' Nami nikamwambia, ngoja..."

Wale vijana wanaokusanya chupa na karatasi walipita na vitoroli vyao vya magurudumu ya chuma, krrr barabara nzima, na walipokwisha kupita yeye alikuwa amenyamaza.

Nilibaki na kitambaa mkononi. Nilimjua aliyesema "unishushe kidogo". Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo mgongoni kwangu mara nyingi, tukipanda kilima. Maneno ya mwanangu, ambayo nilikuwa nimeyaomba mezani, kitandani, safarini, nimeyaomba kwa upole na kwa kilio, yalikuwa yametolewa kwa mwanamke wa rangi za mafuta, mgeni, Mzungu, asiyejua hata kilima chenyewe kiko wapi. Nilimwonea wivu hadi nikaona kizunguzungu. Kama angempa mwili wake ningejua la kufanya, ningepiga kelele mtaa ukajaa. Alimpa mtoto wangu.

Nilimngoja aamke mchana. Nilisimama mbele yake.

"Unasemaka nini na ile picha?"

"Niko nasali."

"Hiyo sala haina Baba Yetu wala Salamu Maria. Ulimushusha? Mutoto alikuomba umushushe, ulimushusha?"

Niliona uso wake unavyofungika. Nilikuwa nimesimama karibu, macho yangu yako machoni pake, na nilishuhudia mlango unafungwa mbele yangu, na ufunguo unazungushwa. Aliinuka akachukua viatu na kiwi. Alipiga viatu rangi hadi wakati wa kwenda kazini.

Nilikwenda kwa mama président kumwomba picha ihamishwe mapema. Nilisema chumba chetu ni kidogo. Alinitazama juu ya miwani, akasema picha ikitolewa nyumba moja kabla ya Jumapili watu watauliza kuna nini katika nyumba hiyo, na je, ninataka waulize? Nikarudi. Jumamosi mume wangu, huyo msemaji wa neno mojamoja, alinitafuta mwenyewe barazani. Nilidhani sasa ataniambia.

"Mama," akasema, "hii picha haiwezi kubakia hapa juma ingine?"

Nilikanyaga cherehani kwa nguvu hadi sindano ikakatika.

Jumapili alikuwa kazini, alipangiwa zamu ya mchana na usiku mfululizo. Watu wa shirika wangekuja alasiri kuichukua. Nilibaki peke yangu na yule mwanamke, na nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kumpa vidonge vyake. Nilimvua vazi langu na yale maua. Nilipanda juu ya kiti tuwe sawa. Nikamwambia yote: kwamba ni mwizi, kwamba mtubuji gani huyu anayelia chozi moja lisilodondoka, kwamba amechukua kwa mume wangu kitu kisicho chake. Nilitaka anitazame. Unapomtukana mtu unataka akutazame, vinginevyo matusi yanadondoka njiani. Lakini yeye alikuwa anatazama mshumaa. Nikasogea kulia, mshumaa. Nikasogea kushoto nikabanana na kabati, bado mshumaa. Hakuna mahali katika chumba kile ambapo ungesimama ukayapata macho yake. Hata kugombana naye ilikuwa haiwezekani.

Nilishuka kitini polepole. Nilikaa kitandani, mahali pale mume wangu alipokuwa anakaa, nikamwangalia kutoka hapo. Kutoka hapo uliona shavu, sikio, mkono juu ya lile fuvu. Uliona mtu aliyepo, mwenye mawazo yake, ambaye hakuulizi kitu. Nilikaa pale hadi nikasikia nyimbo barabarani.

Tulimbeba hadi nyumba ya nne kutoka kwetu. Niliomba kubeba upande mmoja wa fremu, na mama président alisifu moyo wangu mbele ya watu. Nilikuwa nahakikisha anaondoka. Vazi la kitenge nilimwachia, lakini maua ya plastiki nilibaki nayo, sijui kwa nini.

Jumatatu asubuhi umeme ulikuwa umekatwa tena. Blanketi lilikuwa limeziba dirisha na chumba kilikuwa na giza. Niliwasha mshumaa, mmoja wa mishumaa ya jirani yangu, nikaubandika kwenye sahani juu ya kabati. Nilikivuta kiti hadi chini ya ule msumari. Nikakigeuza ubavu. Nilifungua kitambaa cha kichwa nikakiweka pembeni, kichwa changu na nywele zake fupi kama za mvulana, zenye mvi mbili tatu mbele. Nikachukua sketi ya shule iliyobaki kushonwa pindo kwa mkono, nikaiweka mapajani, nikaelekeza uso kwenye mshumaa. Nilijiona mjinga. Jirani yangu angeniona angelala chini kwa kucheka.

Nilimsikia akifungua mlango. Nilimsikia akisimama. Najua alikuwa anatazama msumari, na wivu ukaniuma upya, nikajizuia kugeuka ili nione anautazama kwa uso gani.

"Imeenda," akasema.

"Jana," nikasema, nikamwambia mshumaa. "Chai iko kwa termosi."

Hakumimina chai. Kitanda kililia alipokaa. Akavua kiatu, baadaye sana akavua cha pili. Niliendelea kushona pindo. Nilitaka kugeuka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, shingo ilikuwa inaniuma kwa kutaka, na nilikuwa nimeshakata tamaa niliposikia anavuta pumzi.

"Alikuwa mu mugongo yangu," akasema. "Alikuwa moto sana. Lakini alikuwa anasema. Tangu nyumbani alikuwa anauliza kama utamuletea ndizi."

Sindano ikaingia, ikatoka.

"Nilikuwa natembea mbio. Pale njia inakutana na barabara, nikamukuta muzee, mudogo wake babu. Akaniita. Ningefanya nini? Hauwezi kupita muzee kama mbuzi. Nikasimama. Akauliza habari ya baba. Nikajibu. Akauliza ya mama, ya mashamba, ya ng'ombe, ya ndugu zangu, moja moja, unamujua. Na mimi nikajibu moja moja. Mutoto akasema, 'Papa, unishushe kidogo.' Nikamwambia, 'Ngoja, niko nasalimia muzee.' Akanyamaza. Muzee akauliza habari ya masomo ya kateksimu. Nikajibu. Nikamuaga vizuri. Nilimusalimia vizuri sana."

Mshumaa uliyumba kidogo, mlango wa jiko ulikuwa umefunguliwa.

"Nikatembea tena mbio. Nilikuwa nafurahi ju ya kuona amelala. Niliogopa kumwamusha. Ku kituo mwanamke wa pale akamushika, akaniuliza, 'Papa, huyu umemuleta ju ya nini?'"

Kila mtu wa kwetu angesimama. Mimi ningesimama. Kumpita mzee wa ukoo bila kumjulia hali, na mtoto mgongoni, ni kumwomba laana mtoto. Nilijua hayo na bado nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga na kumshika, na kwenda kumtafuta yule mzee na salamu zake, na kula zile ndizi zilizoozea kwenye kapu langu kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzigusa. Sikufanya hata moja. Nilitazama moto wa mshumaa na kuendelea kushona, ndani, nje, hadi nilipokuja kuona kwamba uzi ulikuwa umekwisha zamani na nilikuwa natoboa kitambaa kwa sindano tupu.

Alikuwa analia. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilia kabla ya hapo, hata matangani. Alilia vibaya, kama mtu asiyewahi kujifunza kulia.

Kisha aliniita. Hakuniita Mama Cherehani, wala ile nusu ya jina aliyokuwa ananipa. Aliniita mama wa mwanangu, akalitaja jina la mtoto lote, polepole, kama anajaribu iwapo bado linatamkika. Nilikuwa sijalisikia katika chumba kile tangu tulipokipanga.

Ndipo nikageuka.

Picha iliendelea na safari yake, nyumba kwa nyumba, hadi Pasaka. Nilipokutana nayo kanisani imerudishwa, imevaa kitenge changu, nilisimama mbele yake muda mrefu, na mama président akadhani nasali. Nilikuwa nahesabu asubuhi ngapi mume wangu alikuwa nayo. Jina lile la mwanangu, katika nchi hii, bila shaka huyo wa kuchorwa ndiye aliyelisikia kabla yangu. Wenzangu wanasema huyu mtakatifu alitubu na Mungu akamsamehe yote. Mimi hilo moja bado sijamsamehe.